Ndiyo ya Darasa

"Ndiyo ya darasa haina mwenyewe."

Mmeisikia leo kwenye mkutano wa bomba la maji, pale mwenyekiti alipouliza kama tumekubaliana, watu wakaitikia kwa sauti moja, na mzee mmoja wa nyuma akairusha methali hiyo. Mkacheka kwa sababu wakubwa walicheka, na sasa mmekuja kuniuliza maana yake. Mngeuliza kwanza mkacheka baadaye, lakini si neno. Kaeni, chambueni hayo maharage huku mnasikiliza. Mwanzo wake ulikuwa hivi.

Zamani kidogo, shule ya msingi ya Lingomba ilikuwa na majengo mawili tu juu ya mgongo wa kilima, kahawa upande huu, mahindi upande ule. Mchana wake haukuwa mrefu. Jua likishaelemea magharibi, ukungu ulipanda kutoka bondeni na kufunika njia, na watoto wa ng'ambo ya mto waliochelewa kutoka shuleni walifika kwao wamelowa, wanatetemeka, na bado wanagombezwa. Kwa hiyo kwa mtoto wa Lingomba kutoka mapema halikuwa jambo la starehe.

Darasa la nne lilifundishwa na Mwalimu Hyera. Hakuwa mwalimu mbaya, na hilo nalisema mapema, maana hadithi za shule zina tabia ya kumtafuta mwalimu wa kulaumu. Alifika kabla ya kengele, alisahihisha madaftari yote, na fimbo yake ilitumika zaidi kuonyeshea ubaoni kuliko kuchapia. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu. Kila alipomaliza kufundisha alipangusa chaki mikononi, akageuka, akauliza, "Tumeelewana?" Na darasa zima likaitikia, "Ndiyooo, mwalimu!" Kadiri ile ndiyo ilivyovutwa, ndivyo alivyoamini kwamba kazi imefanyika. Ikitoka fupi alikunja uso, akaanza somo upya. Ikitoka ndefu mpaka wa darasa la tatu nyuma ya ukuta wanaacha kusoma, alitabasamu na kuwaruhusu waende.

Na kipindi cha mwisho kilikuwa hesabu. Basi ndiyo ikawa ufunguo wa mlango. Siku moja mtoto mmoja aitwaye Oswini, ambaye hakujaliwa kusoma nyuso za watu, alijibu kwa moyo mweupe, "Mimi bado, mwalimu." Somo likaanza upya kutoka mstari wa kwanza. Walipotoka, ukungu ulikuwa umeshaziba njia na mvua iko juu ya ukungu. Njiani wenzake hawakumpiga. Walimpa jina tu, Bado, na jina lile lilimganda mpaka alipooa, watu wakamwita mke wake Mama Bado kabla hata hajazaa. Tangu siku hiyo hakuna mtoto wa darasa la nne aliyesikika akisema hajaelewa.

Sasa katika darasa hilo alikuwemo msichana aitwaye Kandida Ndunguru. Kusoma alisoma vizuri, na insha zake mwalimu aliwahi kuzipeleka ofisini zikasomwe na walimu wenzake. Hesabu ndizo zilizomshinda, hasa kugawanya. Wenzake walipovuta ile ndiyo, Kandida alifungua mdomo tu, akawaachia wenye sauti watoe sauti. Aliufungua kwa ufundi, kwa kipimo kile kile cha wengine, na kuufunga wanapofunga. Moyoni aliona aibu, kwa kuwa aliamini ni yeye peke yake katika darasa zima asiyejua kinachoendelea.

Aibu ile ingevumilika kama si Imelda. Imelda alikuwa mdogo wake, yuko darasa la tatu, ni wa wale watoto wanaojibu kabla swali halijaisha. Mwalimu Hyera alikuwa ameshatangaza kwamba asiyejua kugawanya mpaka wiki ya mtihani hatavuka kwenda la tano, atarudia. Wengine walilisikia tangazo hilo kama wanavyosikia matangazo. Kandida alilisikia na hesabu yake yote. Yeye angebaki la nne, Imelda angepanda, na mwaka mpya ungewakuta dawati moja, mkubwa na mdogo wa tumbo moja, wakirudi nyumbani kila siku na alama za kulinganishwa. Imelda kwa upendo wake alimwambia, "Usijali, dada, nitakuwa nakuonyesha." Kandida alilia kwa neno hilo kuliko ambavyo angelia kwa tusi.

Msimu huo shule ilikuwa imeotesha miche ya miti kitaluni, na bwana miti alikuja akaihesabu mwenyewe: mia sita na kumi na miwili. Darasa la nne lilikuwa na makundi sita, na kila kundi lilitakiwa kuchukua fungu lake likaipande kwenye kiwanja cha chini, ambako wakubwa wa la sita na la saba walikuwa wameshachimba mashimo. Mwalimu Hyera akaona hapo amepata somo la bure. Alhamisi, kipindi cha mwisho, akaandika ubaoni 612, akaanza kuigawanya kwa 6.

"Sita kwenye sita inaingia mara moja," alisema, akaandika moja. Hapo hapo mvua ikapiga bati. Nanyi mnaijua mvua ya kwetu ikipiga bati, mwalimu hubaki midomo tu. Alisema kwamba moja haitoshi kugawanywa kwa sita, kwa hiyo pale juu tunaweka sifuri, na kweli akaiweka. Lakini sehemu ile ya ubao rangi nyeusi ilikuwa imebanduka, saruji imebaki nyeupe, na chaki nyeupe juu ya saruji nyeupe huonekana na mwenye kuiandika tu. Kisha akashusha mbili, akapata kumi na mbili, akagawanya kwa sita, akaandika mbili. Aliyekaa kwenye dawati aliona moja, akaona uwazi kidogo, akaona mbili. Watoto wakaandika kwenye madaftari yao kumi na mbili, wakaifungia na mstari chini kwa rula.

Kandida aliitazama ile kumi na mbili. Kitu fulani hakikumkaa. Miche yote ile, kundi zima lipate kumi na miwili? Akamtazama wa kulia kwake, akamkuta anaandika bila wasiwasi. Akamtazama wa kushoto, naye anaandika. Hakujua kwamba wa kushoto alikuwa ananakili kwa wa mbele yake, na wa mbele yake kwa mwingine.

"Tumeelewana?" Mwalimu alipaza sauti kuishinda mvua.

"Ndiyooo, mwalimu!"

Kandida akafungua mdomo, akaufunga.

Kesho yake mchana wakashuka kitaluni na mabeseni. Kabla hawajaanza, mwalimu mkuu akamwita Mwalimu Hyera ofisini kwa ajili ya mgeni, naye akaliacha darasa mikononi mwa kiranja, kijana mmoja mwenye kifua aitwaye Desdery Komba. Desdery alikuwa na sifa zote za kiranja: sauti, haraka, na kutopenda maswali. Akasimama juu ya jiwe, akatangaza, "Kila kundi, miche kumi na miwili!" Makundi yakahesabu, yakapakia kwenye mabeseni, yakaondoka. Kitalu kikabaki kana kwamba hakijaguswa.

Kandida alibaki nyuma, amesimama na beseni lake.

"Desdery, hii iliyobaki je?"

"Ipi?" Desdery aliuliza, na kitalu chote kiko mbele ya macho yake.

"Hii yote."

"Jibu ni kumi na mbili. Unataka kubishana na ubao?"

"Sibishani. Nauliza tu hii ni ya nani."

"Labda ni ya darasa la tano."

"La tano walipanda yao juzi."

"Basi ni ya mwakani! Kandida, twende bwana. Unauona ukungu ule?"

Wakaenda. Kiwanjani kila kundi likapanda kumi na miwili yake, likashindilia udongo vizuri, likatia maji, kisha likasimama mbele ya mashimo matupu ambayo wakubwa wao walitoka jasho kuyachimba. Oswini aliinama akachungulia shimo moja, akaliangalia na la pili, akafumbua mdomo. Kisha, nadhani, akalikumbuka jina lake, akaufumba. Wengine wakanawa mikono. Kila mmoja aliyaona mashimo, na kila mmoja alijisemea kuwa lazima liko jambo ambalo wenzake wanalijua na yeye halijui.

Mwalimu Hyera aliporudi aliwakuta wamekaa kwenye nyasi wanamsubiri awaruhusu. Akakitazama kiwanja. Kilikuwa kimepandwa pembeni pembeni tu, kama kichwa cha mtu ambaye kinyozi aliitwa kabla hajamaliza.

"Mmemaliza?"

"Ndiyooo, mwalimu!"

"Miche yote?"

"Ndiyooo, mwalimu!"

"Na ile niliyoiona kitaluni nikipita?"

Hapo ndiyo haikupatikana. Mwalimu akauliza tena, safari hii polepole.

"Mligawanya kama nilivyowafundisha?"

"Ndiyooo, mwalimu!"

Mwalimu Hyera akakasirika, na hasira yake ilikuwa na haki kwa jinsi alivyoyaona mambo. Kugawanya wanajua, kwa kuwa jana aliisikia ndiyo yao kwa masikio yake mwenyewe, tena ndefu, tena wakati wa mvua. Mtu anayejua fungu lake akabeba kipande chake ana jina moja tu, mvivu. Akawaambia hivyo. Akawaambia kwamba wiki ijayo nzima hakuna mpira wala rede, kila mtoto na ndoo yake ya maji ya kitalu, saa za michezo na baada ya masomo, na wa ng'ambo ya mto wasimtolee visingizio vya ukungu. Kisha akaongeza neno moja, kama mtu anayefunga mjadala.

"Au yuko kati yenu asiyejua kugawanya? Asimame sasa hivi nimjue, maana huyo darasa la tano halimhusu."

Watoto wakainamisha vichwa. Hata Desdery aliangalia miguu yake.

Hapo Kandida alikuwa na njia mbili tu, na zote zina miiba. Akikaa kimya, atakuwa mvivu pamoja na wenzake, na uvivu wa wengi haumchomi mtu. Akisimama, atakuwa mjinga peke yake, na mjinga amekwisha kuambiwa atakaa darasa gani na nani. Moyoni alimwona Imelda akimsogezea daftari mwakani. Lakini mtihani nao ulikuwa unakuja, na kwenye mtihani kila mtu hukaa na karatasi yake. Hakuna wa kumvutia ndiyo. Tena, na hili ndilo lililomwinua, miche ile ilimkereketa. Alitaka kujua ni ya nani.

Akasimama.

"Mimi bado, mwalimu."

Mguno ukapita kwenye nyasi. Desdery akashindwa kujizuia. "Kandida! Unataka tulale hapa?"

"Nyamaza wewe," mwalimu alisema. "Bado nini, Kandida?"

"Kugawanya, mwalimu. Sielewi kwa nini ni kumi na mbili. Miche ni mingi na sisi tuko makundi sita tu."

"Nani kasema kumi na mbili?"

Kandida alimtazama kwa mshangao. "Ubao, mwalimu."

Mwalimu Hyera alifungua mdomo kumjibu, akaghairi. Akawaamuru wote wapande darasani. Walipokaa, akampa Desdery chaki. "Wewe umeelewa. Njoo umwelekeze mwenzako."

Desdery akaenda ubaoni kwa mwendo wa kiranja. Akaandika 612, akaandika 6, akaandika moja na mbili vimeshikana, akapiga mstari.

"Sifuri iko wapi?" mwalimu aliuliza.

"Sifuri gani, mwalimu?"

Akamwita mwingine. Kumi na mbili. Akamwita wa tatu, msichana aliyekuwa akiongoza darasa kwa hesabu. Kumi na mbili, kwa mwandiko mzuri. Mwalimu Hyera akafuta yote, akaifanya mwenyewe pale pale alipoifanya jana, safari hii bila mvua. Moja. Haitoshi, sifuri. Mbili. Akaigonga sifuri kwa fimbo. "Hii hapa!"

"Hatuioni, mwalimu," Kandida alisema.

Mwalimu alishuka kutoka mbele. Alipita katikati ya madawati mpaka kwa Kandida, akamwambia asogee, akajibana pale na magoti yake marefu, akatazama ubao wake kwa mara ya kwanza tangu ahamie shule ile. Aliona moja, aliona uwazi, aliona mbili. Watoto wakaona uso wake unavyobadilika. Nasema haki yake: mwingine angenyanyuka akatafuta wa kumchapa.

"Jana niliuliza kama tumeelewana," alisema akiwa bado amekaa. "Mkasema ndiyo. Nani alisema ndiyo?"

Watoto wakatazamana.

"Niliisikia. Ilikuwa ndefu. Kandida, wewe ulisema?"

"Mimi nilifungua mdomo tu, mwalimu."

"Oswini?"

"Na mimi nilifungua tu."

Mmoja baada ya mwingine wakakiri, wengine kwa kunong'ona, na kila aliyekiri alimgeukia mwenzake kwa mshangao, akiona kumbe hata huyu. Mwisho akabaki Desdery, ambaye sauti yake ilisikika mpaka kiwanjani na asingeweza kuikana.

"Mimi nilitoa sauti, mwalimu," alisema, na kifua chake kimenywea. "Lakini nilitoa kwa ajili ya hawa. Nilijua wao wameelewa."

Watoto wakacheka, na mwalimu naye akacheka, lakini cheko lake lilikatika mapema. Alikuwa amefundisha miaka mingi akijipima kwa sauti ile.

"Basi ile ndiyo ya darasa," alisema taratibu, "haina mwenyewe."

Kisha akauliza ni nani hajui kugawanya, na mikono yote ikaenda juu. "Nikiwarudisha wote," alisema, "darasa la tano nimfundishe nani, madawati?" Akaifuta adhabu ya ndoo, akainuka, akahamia upande mzima wa ubao, akaanza upya. Ukungu ulipanda, ukafika dirishani, ukaingia ndani. Watoto wa ng'ambo ya mto walinung'unika, sitawadanganya, na walilowa walipokwenda zao. Lakini njiani hakuna aliyempa Kandida jina. Jumatatu kila kundi lilichukua miche tisini iliyobaki kwenye fungu lake, ikatimia mia moja na miwili, na shimo la mwisho lilipozibwa, kitaluni hapakubaki kitu.

Wiki iliyofuata mwalimu alifundisha kugawanya tena, kwa namba nyingine, ngumu zaidi. Alipomaliza alipangusa chaki mikononi, akageuka kama kawaida yake, na darasa likavuta pumzi ili kuitikia. Akainua mkono kuwazuia.

"Kandida. Umeelewa?"

Darasa zima likamgeukia. Mdomo wake ulifunguka kama ulivyozoea, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na sauti ya mtu mwingine ya kuujaza. Alikitazama kile kilichoandikwa ubaoni, akakipitia moyoni hatua kwa hatua, na mwalimu akamngoja.

"Ndiyo, mwalimu," alisema.

Ilikuwa fupi, haikufika hata mlangoni. Mwalimu Hyera hakukunja uso. Akampa chaki, Kandida akaenda mbele akaigawanya namba mpya mpaka mwisho, bila kuruka sifuri, akarudi kukaa. Hivyo ndivyo alivyofanya na kwenye mtihani, na hivyo ndivyo alivyovuka kwenda la tano, akamwacha mdogo wake apande la nne na wenzake.

Nao wazazi wakalichukua lile neno la mwalimu kutoka kwa watoto, wakalipeleka kwenye vikao vyao, ambako kazi yake ni nyingi kuliko shuleni: Ndiyo ya darasa haina mwenyewe.